Sura ya Sita: Risiva Haipimwi Dukani

"Shemeji, niambie ukweli tu. Nimepigwa?"

Aliuliza hata kabla hatujakata gundi ya boksi. Kaka wa mke wangu alikuwa amerudi kutoka Dubai na risiva mpya ya chaneli tisa, toleo ambalo lilikuwa halijamaliza hata miezi mitatu sokoni, na bei yake ingetosha kununua bodaboda mpya na kubakiza ya mafuta. Mdogo wake alikwisha mwambia kwamba sabufa yake ya Kariakoo inapiga kuliko hiyo. Basi boksi likaja kwangu kwanza. Likae wiki mbili, nilipime, na kama ni la kuuza liuzwe likiwa bado na harufu ya upya.

Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja. Mashine moja ndani ya sebule moja haitoshi kumpandisha mtu wala kumshusha. Ninachotaka uondoke nacho ni namna ya kupima, ili siku ukiingia dukani na muuzaji akaongeza sauti mpaka vioo vikatetemeka, ujue ni nini bado hujaonyeshwa.

Tuanze kwa kuelewana juu ya kitu chenyewe. Ukiomba "homu thieta" Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, utaletewa seti nzima: deki, spika tano nyembamba na boksi la besi. Ukiomba "sabufa" utapewa boksi la besi lenye redio, tundu la flashi na spika mbili tatu za pembeni. Risiva ni jambo lingine. Haina spika hata moja. Ni sanduku lenye kazi tatu. Kwanza ni mlango: king'amuzi, deki, kompyuta na mashine ya gemu vyote huingilia hapo kabla ya kwenda kwenye runinga. Pili ni ubongo: hupokea sauti ikiwa imefungashwa, ikaifungua na kuamua ipi iende spika ipi. Tatu ni misuli: ina amplifaya ya kila spika. Dukani husifiwa misuli. Wiki mbili zile zilinifundisha kwamba misuli ndiyo sehemu inayostahili kukuumiza kichwa kidogo kuliko zote.

Geuza usome mgongo

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Geuza mashine usome maandishi ya nyuma.

Anza na volti. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, wote wa hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Risiva za aina hii kwa kawaida hutengenezwa kwa soko moja, na nyingi hazina swichi ya kubadili volti. Ndugu yako wa Houston akikuletea risiva aliyoinunua kule, ukaichomeka ukutani Mbagala bila kusoma, utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Ya shemeji iliandikwa volti 230. Tukavuka.

Halafu wati. Hapa nilimwomba shemeji alete na ile sabufa ya mdogo wake tuziweke ubavu kwa ubavu. Mbele ilikuwa na stika ya rangi ya dhahabu: wati 12,000 PMPO. Tukaigeuza. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kwa herufi za kuazima miwani, paliandikwa kwamba inatumia wati 60. Shemeji akacheka peke yake. Pasi ya umeme hula wati 1,000 au zaidi. Boksi linalokula 60 litatoa wapi 12,000?

PMPO ni namba isiyo na mwenyewe. Hakuna kiwango kinachoisimamia. Kila kiwanda hupiga hesabu kinavyojua, ya mshindo wa kufumba na kufumbua, kisha hujumlisha spika zote na kuongeza chumvi. Namba ya kuaminika hutaja masharti yake: imepimwa kwa mzigo wa omu ngapi, kutoka masafa gani hadi gani, sauti ikiwa imechafuka kwa asilimia ngapi, na chaneli ngapi zikifanya kazi. Marekani ilibidi itunge kanuni mwaka 1974 kupitia tume yake ya biashara, FTC, kwa sababu watengenezaji walikuwa wakipandishiana namba kama wanada mnadani. Mwaka 2024 kanuni hiyohiyo ikarekebishwa.

Chukua mfano ambao karatasi yake iko hadharani, Denon AVR-X3800H, iliyotangazwa mwaka 2022 kwa dola 1,699. Inaandikwa wati 105 kwa chaneli, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, uchafu asilimia 0.05, chaneli mbili zikifanya kazi. Namba hiyo ina masharti yake yote, kwa hiyo inastahili heshima. Lakini isome mpaka nukta ya mwisho. Chaneli mbili zikifanya kazi, na mashine ina amplifaya tisa. Zote zikitakiwa kupiga kwa nguvu kwa pamoja, zinagawana trafo moja, na hakuna itakayopata 105. Ni simtanki la juu ya nyumba: ukifungua bomba moja maji yanaruka, ukifungua yote tisa kila moja linatiririka tu. Hakuna aliyeibiwa hapo, kwa kuwa filamu nadra sana kufungua mabomba yote kwa wakati mmoja. Ila ujue ulichonunua ni tanki, na mabomba ni tisa.

Tena sikio halihesabu kama daftari la duka. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, ongezeko unalolitambua lakini halikushtui. Ili uone sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayeacha risiva ya wati 80 akanunua ya wati 105 amepata desibeli 1 na ushee. Angebadili spika ya desibeli 87 akachukua ya desibeli 90, hapo ndipo penye faida, na risiva asingeigusa.

Kilichomo leo na kilichoahidiwa

Mashine mpya huja na mambo ya aina mbili: yale inayoyafanya leo, na yale ambayo itayafanya siku moja ikishapata programu mpya. Boksi huchapa yote kwa wino mmoja.

Waulize walionunua risiva mwaka 2020. Mwaka ule ndipo matoleo ya kwanza yenye HDMI 2.1 yalipoingia sokoni, mengi yakiwa na neno 8K kwenye boksi. Mwishoni mwa mwaka ikagundulika kwamba baadhi ya risiva za Denon, Marantz na Yamaha zilikuwa na chipu ya HDMI yenye kasoro. Ukichomeka Xbox Series X, au kompyuta yenye kadi ya Nvidia ya kizazi kipya, ukaomba picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, runinga ilibaki nyeusi. PlayStation 5 ilipita salama, kwa sababu yenyewe hupeleka data kidogo zaidi. Programu mpya isingeweza kuponya kosa lililokuwa ndani ya chuma. Kampuni ya Denon na Marantz ikaanza mwaka 2021 kuwapa wateja kiboksi cha kuchomeka katikati, na Yamaha ikajitolea kubadilisha bodi, vyote bure. Walilitengeneza, na wanastahili sifa zao. Lakini mteja wa siku ya kwanza ndiye aliyegeuka fundi wa majaribio bila posho.

Ndiyo sababu jioni nzima ya pili niliimalizia kwenye matundu ya HDMI. Nilichukua kila kifaa nilichoweza kuazima, mashine ya gemu ya mpwa wangu ikiwemo, nikakipitisha tundu moja baada ya jingine. Nilizima na kuwasha kwa rimoti mara kumi mfululizo, nikazima umeme ukutani na kuurudisha, maana kwetu umeme hukatika bila kuaga na mashine isiyokumbuka mipangilio yake baada ya giza ni adhabu. Nilitazama midomo ya watangazaji kama inaendana na maneno. Nilipandisha sauti ya runinga kupitia waya wa eARC nione kama sauti inarudi kwenye risiva bila kukwamakwama. Tundu moja lilichelewa kuonyesha picha kwa sekunde chache. Nikaandika.

Ahadi ya aina nyingine ni ile inayotimia kwa kulipia. Hiyohiyo X3800H ilipotangazwa ilikuja na habari kwamba itapata Dirac Live, mfumo wa kurekebisha sauti ya chumba kutoka Uppsala, Sweden. Mfumo ulifika mwaka 2023, na leseni kamili ilikuwa dola 349 juu ya bei ya mashine. Huo si ulaghai, ilisemwa wazi. Lakini mnunuzi wa mwezi wa kwanza, kama alitoa pesa kwa ajili ya Dirac, alikuwa ananunua ahadi. Kanuni yangu kwenye daftari ni rahisi: kitu ambacho siwezi kukiwasha leo nakipa alama sifuri. Kikifika, nitaongeza alama siku hiyo.

Wakati naendelea na hayo, mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Asubuhi nikakuta risiva imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama runinga na redio zote zilizowahi kupita mikononi mwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekusitiria mashine yako, vumbi hilo."

Nikashukuru, na alipoingia jikoni nikakitoa. Mfuniko wa risiva una matundu kwa sababu. Ndani mna amplifaya tisa zinazotafuta pa kupumulia. Kipimo cha joto hakitaki chombo. Cheza filamu ya saa mbili, kisha weka kiganja juu. Ukiweza kukiacha hapo, vizuri. Ukikitoa haraka, itafutie mahali penye hewa, na kabati lenye mlango wa kioo si mojawapo. Mchana kitambaa kilikuwa kimerudi.

Nusu wati

Siku ya nne shemeji akaja kusikiliza. Nilikuwa nimeiweka risiva yake kando ya yangu, ambayo ina umri wa miaka kumi na chaneli saba, nikaziunganisha na spika zilezile mbili kwa swichi ya kuhamisha. Tukaanza bila urembo wowote: hakuna marekebisho ya chumba, hakuna spika za ziada, mtindo wa Direct pande zote mbili.

Akasikiliza yangu. Akasikiliza yake. "Kaka, hii yangu ina kifua. Sauti iko wazi. Ile yako imezeeka, inaongelea puani."

Nikachukua mita ya umeme, ile ya kawaida ya fundi. Nikacheza mlio wa hezi 100 na kupima volti kwenye vichwa vya spika. Yake ilikuwa juu ya yangu kwa desibeli 2. Tofauti ndogo hivyo sikio halisemi "imepiga zaidi". Husema "ni nzuri zaidi". Huo ndio mchezo wa kale kuliko yote dukani, na anayeuchezesha mara nyingi hata hajui kama anacheza. Nikashusha mpaka zote mbili zikasoma volti 2, tofauti ikabaki chini ya robo ya desibeli.

Kisha tukajificha wenyewe. Mke wangu akakaa nyuma ya kanga iliyotundikwa, na sarafu mkononi. Kichwa, anaweka yangu. Mwenge, ya kaka yake. Mara kumi. Sisi kazi yetu ilikuwa kutaja ni ipi inayopiga. Kwa muziki nilichagua rekodi za taarabu ya Zanzibar, kwa kuwa ganuni ikichunwa inafichua amplifaya mvivu upesi, na nyimbo za dansi za miaka ya 1960, ambazo nyingi zilirekodiwa kwa chaneli moja. Wimbo wa chaneli moja ukipita kwenye spika mbili unatakiwa kusimama katikati kabisa, kama mwimbaji yuko juu ya runinga. Ukiyumba upande, kuna kitu hakiko sawa.

Shemeji alipatia mara sita. Mimi mara tano.

Sita kati ya kumi inasikika kama ushindi mpaka uipigie hesabu. Mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu atapata sita au zaidi kwa nafasi ya asilimia kama 38. Ili nishawishike kwamba kuna kinachosikika, ningetaka angalau tisa, jambo ambalo kwa bahati tupu hutokea takriban mara moja katika mia. Shemeji hakufurahi, nami nilimwelewa. Nilimweleza kwamba hayuko peke yake: Januari 1987 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la namna hii, likianzia risiva ya dola mia mbili na kitu hadi jozi ya amplifaya za dola 12,000, na wasikilizaji walipofichwa majina ya mashine, kubahatisha kwao kukawa kama kwetu. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha jambo hilohilo upande wa spika: watu wakiona chapa, masikio yao hubadilisha alama.

Jambo moja zaidi kabla hatujafungua dirisha. Volti 2 kwenye spika ya omu 8 ni nguvu kiasi gani? Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu: nne gawanya nane. Nusu wati. Kwa nusu wati hiyo mama mkwe alikuwa amekwisha kuita kutoka jikoni mara mbili tupunguze. Wati 105 zilikaa kwenye karatasi, hazikuitwa. Huitwa kweli siku ya mshindo wa filamu, kwa nukta ya sekunde, na hapo ni vizuri ziwepo. Lakini kama unachagua kati ya mashine mbili zenye afya kwa kutazama wati, unachagua kati ya matanki mawili ya maji ili unywe glasi moja.

Chumba kinaimba

Sebule yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu. Ukipiga kofi moja katikati unasikia kofi lako likikimbizana na kuta. Nyumba nyingi za mijini kwetu ziko hivyo, na spika nyingi zinazouzwa kwetu zilibuniwa na watu wenye kuta za mbao na mazulia ya ukuta hadi ukuta. Kuta za mbao huachia besi ipenye itoke. Saruji huirudisha ndani.

Kwa joto la Dar es Salaam sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Wimbi la besi la hezi 35 lina urefu wa mita 10, kwa hiyo nusu yake ni mita 5, sawasawa na urefu wa sebule. Wimbi likikutana na chumba chenye kipimo chake, linakwama humo: linavimba kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati. Kochi langu limeegemea ukuta. Ndiyo maana kwa miaka kila filamu kwangu ilikuwa na ngurumo moja isiyoisha, na nikawa nalaumu sabufa. Ukisimama katikati ya sebule, ngurumo inatoweka kana kwamba mtu kazima.

Dawa ya kwanza ni ya bure na inadhalilisha. Unaweka sabufa juu ya kochi, pale kichwa chako kinapokaa, unacheza wimbo wenye besi inayotembea noti kwa noti, kisha unatambaa sakafuni kando ya kuta ukitafuta mahali ambapo kila noti inasikika sawa na mwenzake. Palipo sawa kwa kichwa chako, ndipo pa kuweka sabufa. Nilitambaa na watoto wawili mgongoni. Mahali penyewe palikuwa kando ya mlango, kama mita moja na nusu kutoka kwenye kona ambako sabufa ilikuwa imekaa tangu tuhamie.

Baada ya hapo ndipo nikaitoa maikrofoni. Risiva za daraja hili huja na maikrofoni ndogo ya kupimia, na ya shemeji ilikuja na kigoda cha kadibodi cha kukunja mwenyewe. Unaisimamisha kwenye usawa wa sikio, risiva inatuma mlio unaopanda kutoka chini hadi juu kwa kila spika, unaihamisha, unarudia. Mahali nane. Nikazima feni, nikazima friji, nikawaomba watoto waende kwa jirani. Mahali pa tano jogoo wa jirani akawika katikati ya mlio, nikaanza upya. Mashine ikishasikiliza inahesabu umbali wa kila spika, inalinganisha nguvu zao, kisha inapunguza masafa yaliyovimba.

Inapunguza, kujaza ni kazi nyingine. Mahali ambapo mawimbi yanafutana, ukiongeza nguvu unaongeza pande zote mbili za ugomvi, na shimo linabaki shimo. Mwangwi wa kofi nao mashine haiugusi. Ule ulikwisha kwa zulia la mkeka mzito na mapazia yenye kukunjamana, vitu ambavyo fundi redio hauzi.

Siku ya nane tukarudi kwenye kanga na sarafu. Safari hii mashine ilikuwa moja, ya shemeji, na alichobadili mke wangu kilikuwa kimoja: marekebisho ya chumba yamewashwa, au yamezimwa, sauti zikiwa zimesawazishwa. Shemeji kumi kwa kumi. Mimi kumi kwa kumi. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye tulimwambia tu aseme "safi" au "imeziba", kumi kwa kumi.

Wanasemaje?

Kipimo cha mwisho kilikuwa mama mkwe mwenyewe. Mama hutazama filamu za Kiswahili kila jioni, na kila baada ya dakika chache huuliza, "Wanasemaje?" Kwenye mfumo wa spika nyingi, maneno mengi ya filamu hupita spika ya katikati. Filamu zetu nyingi lakini hutoka na chaneli mbili tu, kwa hiyo kazi ya risiva ni kuyatambua maneno ndani ya chaneli hizo na kuyasogeza katikati. Hapo ndipo ubongo wa mashine unapoonekana, si kwenye helikopta inayopita juu ya kichwa.

Helikopta nayo ina historia yake. Dolby Atmos, mfumo unaoiruhusu sauti itoke hata darini, ulianza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na filamu ya katuni ya Brave, ukaingia kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014. Tangu hapo chaneli zimekuwa zikiongezeka: tano za kuzunguka, mbili au nne za juu, na ndiyo asili ya risiva ya chaneli tisa. Kwa mwenye spika darini ni raha kweli. Shemeji ana spika tano na sabufa moja.

Jioni ya kumi nikawasha filamu ya mama, nikaweka maneno katikati, nikakaa pembeni na daftari langu. Nilikuwa nimechora mistari ya kuhesabu kila "wanasemaje". Filamu ikafika nusu, mistari ikawa mitupu. Ilipokaribia mwisho mama alikuwa amekwisha kuanza kuwajibu waigizaji.

Shemeji akaja kuchukua boksi lake siku ya kumi na nne, na swali lilelile.

"Umepigwa chaneli nne," nikamwambia.

Akakaa chini nikamsomea daftari. Amplifaya zake hazina kosa, na hazina lolote la kuishinda mashine yangu ya miaka kumi. Matundu ya HDMI yamefaulu, moja lina uvivu. Joto ni la kawaida, ikiachwa wazi. Kilichomo ndani ambacho kwangu hakimo ni ile maikrofoni na ubongo wake, na hicho ndicho kitu pekee ambacho watu watatu walikisikia bila kukiona. Toleo dogo la familia ileile, lenye chaneli saba na maikrofoni ileile, lingemfanyia kazi hiyohiyo kwa pesa pungufu. Chaneli nne zitakaa bure mpaka siku atakapotoboa dari, na mke wake amekwisha sema dari yake haitobolewi.

"Kwa hiyo niuze?"

"Usiuze. Hamisha kwanza sabufa yako, umeiweka kwenye kona."

Wakati tunarudisha mashine kwenye boksi, mama alileta kile kitambaa cha kufuma akitaka mwanawe aende nacho, kisitiri mali yake. Shemeji akanitazama. Nikamwambia achukue, kikae juu ya sabufa. Haina matundu upande wa juu.